Futi Isiyo na Sifuri

Futi yangu ya kupimia haina sifuri. Ile ndoano ndogo ya chuma inayoshika ukingo wa ubao ilikatika zamani, futi ingali mali ya baba yangu, na ikaondoka na sentimita za mwanzo. Baba hakuitupa. Alinifundisha kuweka alama ya kumi kwenye ukingo, kupima, kisha kutoa kumi kichwani. Mafundi wa Bugembe wa rika lake walipima hivyohivyo, kila mmoja na futi yake iliyoliwa mwanzo, na wenyewe waliita kuanza kumi. Ukija leo karakanani kwangu Nalufenya, hapa Jinja, utanikuta bado naanza kumi. Ukiniuliza kwa nini sinunui mpya, nitakujibu kwamba kwa futi hiihii nimetengeneza vitanda, milango, majeneza na hosteli nzima ya wanafunzi, halafu nitakuuliza wewe umetengeneza nini.

Ndivyo nilivyo, na sikuanza jana. Mimi ni Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda na jeshi kutoka Sudani, akatuachia dini, Kinubi cha nyumbani na Kiswahili cha barabarani. Jinja wapo wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili wanageuka kutazama mlango, kwa sababu walikisikia kwanza kwenye midomo ya askari. Nawaelewa. Lakini mimi nilijifunza kuhesabu kwa lugha hii, nikimshikia baba misumari, na siombi mtu radhi. Vilevile siombi radhi kwamba ni mwanamke na nina randa mkononi. Waliotaka nishike sufuria waliniona nikiishika pia, na chakula changu walikula.

Vyumba vya mbao nilianza kuvitengeneza baada ya kufanya kazi miaka mitatu kwa watu wengine waliokuwa wakijenga hivyo. Nilirudi Nalufenya na mafundi saba, wanne kati yao wanawake niliowafundisha mwenyewe tangu siku walipokuwa hawajui patasi inashikwa upande gani. Chumba chetu kinakamilika ndani ya karakana: sakafu, kuta, dari, dirisha, hata nyaya za taa. Kisha kreni inakinyanyua kizima kizima, lori linakipeleka, na kinaketishwa juu ya nguzo fupi za zege ambazo fundi mwashi amekwisha kuzimwaga huko kiwanjani. Kuta ni mbao za tabaka. Mbao nyembamba za msonobari zinapakwa gundi, safu moja imelala, nyingine inaikingama, zinashindiliwa kiwandani mpaka zinakuwa ukuta mmoja mnene kama upana wa kiganja. Ukiugonga unasikia kitu kizito kinakujibu.

Watu waliopita njiani hawakugonga. Walisimama mlangoni wakacheka. Mmoja aliuliza kuku wangu watahamia lini. Mwingine, mzee wa heshima zake, alisema hajaona jeneza lenye dirisha. Nilimwambia lake nitalitoboa dirisha, asiwe na wasiwasi. Hakurudi tena, na kwa kweli sikumkosa.

Aliyekuja kwa nia ya kununua alikuwa mmoja tu. Alikuwa ofisa mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini aliyemalizia kazi Mbale na kubaki hukohuko. Sote tulimwita afande, naye hakutaka kuitwa vingine. Alikuwa na kiwanja pembezoni mwa Namatala, hukohuko Mbale, mahali ambapo mvua ikinyesha sana maji yanaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mjukuu wake wa kike aliyekuwa akisoma chuo alipanga chumba huko, akaamka siku moja vitabu vyake vinaelea. Afande akaapa kujenga hosteli ya ghorofa mbili iliyoinuka juu ya nguzo, ikamilike kabla muhula haujafunguliwa. Watu wote walimwambia matofali. Yeye akapanda gari kuja Jinja kuniona.

Alizunguka chumba cha mfano mara mbili, mikono nyuma, kama anakagua seli.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa na wafungwa miaka mingi. Uongo naona ikiwa mbali. Hii mbao, moto ikikuja, watoto iko wapi?"

Siku hiyo maharage yalikuwa yakichemka kwenye sigiri uani. Nikachukua kipande kinene cha ukuta tulichokikata dirishani, nikakisukuma ndani ya makaa, nikamkaribisha kula. Tulikula hadi tukaosha mikono. Kisha nikakitoa kile kipande kwa koleo, nikakipasua kwa shoka mbele yake. Nje kilikuwa mkaa mtupu. Ndani kilikuwa cheupe, kinanukia msonobari.

"Inaungua, afande. Sikudanganyi. Lakini inaungua polepole, na wakati huo watoto wametoka."

Alikinusa, akakigeuza, akakitia mfukoni mwa koti bila kuniomba. Halafu akanipa mkono na sharti lake juu. "Sawa. Lakini vyumba ikikataa kukaa juu ya nguzo, hata moja, unarudisha yote Jinja. Mimi najenga na matofali. Maji ni kesi moja, sitaki ya pili."

Nilikubali papo hapo. Nilijua vizuri ninachokubali. Hiyo ingekuwa nyumba yangu ya kwanza mimi mwenyewe, na kama vyumba vingerudi Jinja juu ya malori, mchana kweupe, kupitia barabara ileile ya Bugembe inayounganisha Jinja na Mbale, hakuna mtu mwingine ambaye angekuja kuagiza. Wale mafundi saba ningewaambia waende nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa mezani.

Nguzo alipewa mwashi wa Namatala, mtu mwembamba mwenye mvi za mapema, ambaye siku nyingine alibeba mizigo sokoni kama ujenzi haukuwepo. Nilimdharau kabla sijamjua, naandika hilo bila kujitetea. Nilifahamu tabia ya waashi wetu: ukuta ukipinda, plasta itaficha, mlango ukibana, seremala ataranda. Nikaenda Mbale nikamhutubia. Nikamwambia kwamba chumba changu hakina plasta, kwamba kinashuka kutoka angani kikiwa kimekamilika, kwamba bolti za chuma zinazochomoza kwenye nguzo zake lazima ziingie kwenye matundu ya sakafu yangu kama funguo kwenye kufuli. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika mwiko wake.

"Nimesikia, Hajati," akasema. Makka sijafika, lakini Mbale mwanamke yeyote mwenye mtandio anapewa hija bure.

Karatasi ya mhandisi aliyeichora hosteli alikuwa nayo. Ilisema kutoka safu moja ya nguzo hadi safu ya pili ni sentimita mia tatu. Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia. Siamini karatasi. Nimeona karatasi nyingi zilizochorwa na watu ambao hawajawahi kuchomwa na kibanzi. Sakafu yetu ya kwanza ilipokamilika niliamua kuipima kwa mkono wangu na kumpa mwashi kipimo cha kitu chenyewe. Nikaweka kumi kwenye tundu la kwanza, nikavuta futi hadi tundu la pili. Simu ilikuwa imebanwa begani. Mmoja wa mafundi wangu alikuwa akipiga kelele kwamba gundi inakauka. Nikasoma nilichokiona.

"Mia tatu na kumi," nikamwambia mwashi.

"Hajati, karatasi inasema mia tatu tu."

"Karatasi haijawahi kupiga msumari hata mmoja. Shika neno langu. Mia tatu na kumi."

"Sawa. Naandika."

Nikakata simu nikakimbilia gundi, na ile kumi sikuitoa.

Siku ya kupeleka vyumba vinne vya chini, malori manne yaliondoka Jinja alfajiri yakifuatana, kila moja na chumba mgongoni kimefungwa turubai. Bugembe watu walitoka madukani kutazama. Nilikaa mbele na dereva wa lori la kwanza, mtandio mpya kichwani, na nilijisikia kama bibi harusi anayejipeleka mwenyewe. Nikiri: nilipunga mkono.

Mbale walikuwa wakitungoja. Kreni ilikuwa imeletwa mapema, na kreni ikisimama Namatala hakuhitajiki tangazo. Wauza ndizi walikuja na ndizi zao, waashi wa majirani wakakaa juu ya rundo la matofali, na mjukuu wa afande akaja na wanafunzi wenzake watano walioahidiwa vyumba. Wagisu, wenyeji wa Mbale, wana jicho kali kwa mtu anayetetereka. Wanawafundisha vijana wao kusimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa, na wanakutazama wewe vilevile.

Chumba cha kwanza kilinyanyuka kutoka kwenye lori, kikapita juu ya vichwa vyetu, kikashuka taratibu juu ya nguzo. Bolti za upande wa kulia ziliingia kwenye matundu yao, zote. Nikageukia upande wa kushoto. Bolti zilikuwa nje. Zilisimama nje ya sakafu, zimepangwa safi, kiganja kizima kutoka mahali zilipotakiwa. Dereva wa kreni alivuta kidogo, akarudisha. Upande wa kulia ukatoka, wa kushoto ukaingia. Mtu mmoja juu ya matofali akacheka, na kicheko kikasambaa.

Afande hakucheka. "Fundi!" akamwita mwashi. "Umepima na macho ya nani?"

Mwashi alinitazama mara moja tu, na mkono wake ukagusa mfuko wa shati. Nilijua kilichokuwamo kabla sijakiona. Kumi.

Nitasema ukweli kwa sababu nimeubeba muda mrefu: nilinyamaza. Nilinyamaza wakati kreni ikikirudisha chumba juu ya lori. Nilinyamaza wakati afande akimwambia yule mtu kwamba watu wa Namatala ni walewale, kwamba amemharibia kazi, kwamba achukue mwiko wake atoke asimwone tena. Nilikuwa nikipiga hesabu. Kosa likiwa la mwashi, nguzo zitavunjwa na vyumba vyangu vitangoja. Likiwa langu, vinarudi Jinja. Mwashi yeye alikuwa ameshazoea. Aliinama akaokota mwiko, akaupangusa kwenye suruali, akaanza kuondoka. Hakuitoa mfukoni ile karatasi aliyoandikia namba yangu. Alijua kwamba maneno ya kibarua mbele ya afande na mama mwenye malori manne hayana uzito, hata yakiwa yameandikwa.

Hapo nikakasirika. Nilijikasirikia kwanza, kisha nikawakasirikia wote: waliocheka juu ya matofali, yule mzee wa jeneza, na afande mwenyewe na sharti lake. Nimeitwa mengi maishani, lakini mwoga hakuna aliyewahi kuniita, na sikuwa tayari kuwa wa kwanza kujiita.

"Afande," nikasema kwa sauti ambayo hadi wauza ndizi waliisikia, "mwache fundi. Kosa ni langu."

Akageuka. Nikavuta futi yangu kiunoni, nikamwonyesha mahali ilipokatika. Nikaeleza mbele ya watu wote: baba, alama ya kumi, gundi, simu. Nikaeleza kwamba mwashi aliniuliza, na mimi nikamwambia aachane na karatasi. Mwashi alikuwa amesimama langoni. Nilimwomba alete kile alichokiandika. Akarudi, akatoa kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa mara nne. Juu yake, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na namba moja tu: 310.

Afande aliisoma. "Mimi nilisema nini Jinja?"

"Ulisema vyumba vikikataa. Vyumba havijakataa. Vipimeni sasa hivi kwa futi ya yeyote, kila kimoja ni mia tatu. Aliyekosea ni mimi, na mimi siwekwi juu ya nguzo." Kama sauti ilikuwa kali ni kwa sababu ningeilegeza ningelia. "Nipe mpaka kesho saa sita mchana. Vikikaa, vimekaa. Visipokaa, nitapita navyo Bugembe mwenyewe, turubai zimefunguliwa, watu waone."

Afande alitoa kitu mfukoni mwa koti, akakigeuzageuza: kile kipande chetu cha ubao ulioungua, kumbe alikuwa bado anatembea nacho.

"Gerezani," akasema, "watu wote hawana makosa. Miaka yote ile mimi sijaona mtu moja anakuja kusema ni mimi. Wewe ni wa kwanza." Akakirudisha mfukoni. "Kesho saa sita. Saa saba, lori inarudi."

Halafu ikabidi nijue nitafanya nini, kwa sababu nilikuwa sijui. Kuvunja nguzo na kumwaga zege upya ni siku nyingi, na kreni ingeondoka kesho. Nilikaa kwenye ngazi ya lori, futi mapajani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba alizoea kusema, lakini hakuwahi kusema mhunzi afanye nini baada ya hapo. Mwashi alikuja akachuchumaa kando yangu. Nilitaka kumwomba msamaha, na kabla sijafungua mdomo yeye alikuwa anatazama chini ya chumba.

"Hajati, hii boriti ndani ya rori ni ya kazi gani?"

Zilikuwa boriti tulizovitandikia vyumba ili visikwaruzwe njiani, mbili kila lori, nazo za mbao za tabaka, nene kuliko paja la mtu, mita saba kila moja. Nilikuwa nimezitazama tangu alfajiri kama mtu anavyotazama mkeka. Nikaruka chini. Ukiikata moja katikati unapata vipande viwili vya mita tatu na nusu. Ukilaza kipande kutoka nguzo ya safu hii hadi nguzo ya safu ile, kinavuka mia tatu na kumi na kubaki na chenji. Na chumba kikikaa juu ya boriti hakijali tena nguzo iko wapi, kitakaa popote utakapokifunga.

Nilimpigia mhandisi. Nilimweleza yote, hata ile kumi, naye akatoa hesabu zake akaniambia boriti zitabeba ghorofa zote mbili, akataja na ukubwa wa vyuma vya kufungia. Kisha akasema kwa upole kwamba karatasi ilikuwa sahihi. Nikamwambia nimesikia.

Kesho yake tulianza kulipokucha. Mwashi aliweka masharti yake. "Leo tunapima na yangu," akasema, akavuta futi ya njano yenye ndoano nzima, na sikubishana. Yeye alipima, mimi nilikata, mafundi wangu wakatoboa matundu ya bolti. Wale waliocheka juu ya matofali walirudi kucheka, wakaishia kutushikia boriti. Kabla ya saa sita chumba cha kwanza kilishuka, kikagusa boriti zote kwa pamoja, kwa mlio mmoja mzito. Niliweka pimamaji sakafuni. Kiputo cha hewa kikaenda katikati kikatulia. Afande alivua kofia, akapanda, akaruka juu kwa viatu vyake vya jeshi mara tatu, mzee mzima, na chumba hakikusema neno. Mjukuu wake akapiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya kreni nikalia, na sioni haya.

Hosteli imejaa sasa. Mvua kubwa imekuja na kuondoka, na vitabu vya watoto vilikuwa vikavu. Lakini boriti ziliviinua vyumba kuliko ilivyochorwa, kwa hiyo kila mlango wa chini una ngazi moja zaidi. Mgeni hujikwaa hapo. Afande alitaka kuleta udongo aifukie. Nilimkatalia, na wanafunzi wakiuliza kwa nini ipo nawaambia ni ngazi yangu, kosa langu, walikanyage tu.

Mwashi ndiye anayenimwagia nguzo popote ninapojenga upande wa Mbale. Nampigia kutoka Nalufenya, simu begani, futi ya baba mkononi, na kabla sijafika mwisho wa namba ananikata kauli.

"Hajati, kwanza useme. Umetoa kumi?"

Hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza hivyo. Namwambia nilikuwa napima mbao yeye bado anachezea tope, na kwamba adabu zake zimesombwa na maji ya Namatala. Kisha nalaza simu chini, navaa miwani, napima tena.